Maswali ya Wasomaji: Lust, Caution, nakala zake, ugomvi wake na ile pete

Lust, Caution ni filamu ya mwongozaji Ang Lee iliyotoka mwaka 2007. Inasimulia habari za Wong Chia Chi (Tang Wei), mwanafunzi anayejifanya mke wa mfanyabiashara ili amnase Bwana Yee (Tony Leung), mkuu wa polisi wa siri wa serikali ya vibaraka wa Japani huko Shanghai, wenzake wapate nafasi ya kumuua. Tulipoitaja katika toleo lililopita, barua zilizofuata zilizidi nafasi tuliyonayo. Tumechagua nane. Mwisho wa filamu umetajwa humu bila kificho, kwa hiyo ambaye hajaitazama ajihadhari.

SWALI: Ndugu mhariri, salaam. Nakala niliyonayo inaishia saa 2 na dakika 31, lakini kila ninakosoma wanasema filamu ni dakika 158. Nimeuziwa iliyokatwa? Nitajuaje bila kuwa na nakala nyingine ya kulinganisha?

JIBU: Huenda hujauziwa kitu kibovu. Filamu za sinema hupigwa kwa fremu 24 kila sekunde. DVD za mfumo wa PAL, unaotumika Ulaya na sehemu nyingine nyingi za dunia, huendeshwa kwa fremu 25. Picha ni zilezile, ila zinapita upesi zaidi. Zidisha 158 kwa 24, gawanya kwa 25, unapata 151.68, yaani saa 2, dakika 31 na sekunde 40 hivi. Urefu huo ni wa nakala yako kabisa, na nakala hiyo inaweza kuwa kamili.

Tunasema "inaweza" kwa sababu pana mtego. Toleo lililoonyeshwa China bara lilipunguzwa kama dakika 7, na 158 ukitoa 7 ni 151. Nakala kamili ya PAL na nakala iliyokatwa inayokwenda kwa kasi ya kawaida zinakaribiana urefu kiasi kwamba saa peke yake haiwezi kukuamulia.

Fungua diski au faili kwa VLC kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na J, utafute mstari unaotaja idadi ya fremu kwa sekunde. Ukikuta 25, rudisha hesabu: zidisha dakika zako kwa 25, gawanya kwa 24, uone kama unarudi kwenye 158. Ukikuta 23.976 au 24 na urefu bado ni dakika 151, imekatwa. Usijaribu kupima kwa sikio. PAL hupandisha sauti za watu kwa chini ya semitoni moja, yaani nusu hatua ya muziki, na mtu ambaye hujawahi kusikia sauti yake huwezi kujua kama imepanda.

Kisha hakiki sehemu mbili. Ya kwanza ni mauaji ya Tsao, mtu wa Yee anayemjua Wong na wenzake, ndani ya nyumba waliyopanga Hong Kong kabla ya mambo ya Shanghai. Katika toleo kamili ni tukio refu la kuchosha moyo: vijana wanachoma kisu kwa zamu, mtu hafi, anaporomoka ngazi, wanamfuata. Ikiwa kwako linakwisha upesi na kwa usafi, shaka hiyo nakala. Ya pili ni duka la vito, ambako wenzake Wong wanangoja nje wamuue Yee. Wong anamtazama Yee na kutamka maneno mawili. Katika toleo kamili utasikia "kuai zou", yaani ondoka upesi. Katika toleo la China bara ni "zou ba", twende. Sikiliza sauti yenyewe na usitegemee maandishi ya chini, maana faili la maandishi mara nyingi huwa limetolewa nakala nyingine likabandikwa hapo. Kati ya vyote vilivyoguswa na mkasi, hili ndilo lililochukua muda mfupi kuliko yote na kuharibu zaidi: mwanamke akisema "twende" hajamsaliti mtu yeyote, na dakika zinazofuata zinabaki bila sababu.

Kama DVD yako ni ya Marekani, soma kasha. Kule ziliuzwa aina mbili kwa madaraja ya umri, ya NC-17 iliyo kamili na ya R iliyopunguzwa.

SWALI: Hivi hiyo NC-17 maana yake filamu ilipigwa marufuku Marekani? Na ndiyo iliyoiangusha sokoni?

JIBU: Haikupigwa marufuku. Madaraja ya Marekani hutolewa na chama cha studio zenyewe, na filamu hailazimiki kisheria kuwa nayo. NC-17 ilianzishwa mwaka 1990 kuchukua nafasi ya X, alama ambayo haikuwa imesajiliwa na ambayo watengenezaji wa ponografia walikuwa wamejitwalia na kujibandikia wenyewe. Daraja la R humruhusu aliye chini ya miaka 17 kuingia akiwa na mzazi au mtu mzima. NC-17 hufunga mlango kwa aliye na miaka 17 au pungufu, hata kama ameshikwa mkono na mama yake.

Madhara yake huja kwa njia za pembeni. Kampuni kadhaa za majumba ya sinema hazipendi kuonyesha filamu za daraja hilo, baadhi ya magazeti hukataa matangazo yake, na maduka mengine makubwa hayaweki diski zake rafuni. Kwa hiyo msambazaji akipewa NC-17 kwa kawaida hurudi chumba cha uhariri kukata mpaka apate R. Focus Features, wasambazaji wa filamu hii, hawakufanya hivyo. James Schamus, aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo na pia mmoja wa waandishi wawili wa mswada pamoja na Wang Hui Ling, alilikubali daraja lilivyo na filamu ikaenda sokoni nzima.

Mapato ya Marekani yalikuwa takriban dola milioni 4.6. Ukiyaweka kando ya Brokeback Mountain ya mwaka 2005, ya mwongozaji huyuhuyu, iliyopita dola milioni 80 nchini humo, ni maanguko ya wazi. Lakini dunia nzima iliingiza takriban dola milioni 67 kwa filamu iliyogharimu kama milioni 15. Hasara iko wapi hapo? Sehemu kubwa ya fedha ilitoka Asia.

Wala tusiibebeshe NC-17 lawama zote. Ni filamu ya saa mbili na nusu na zaidi, ya Kichina, yenye maandishi ya chini, na matukio ya Yee na Wong chumbani hayaji mpaka zaidi ya nusu ya filamu imepita. Aliyeingia kwa ajili ya kashfa alikaa muda mrefu akiangalia wanawake wanne wakicheza mahjong, mchezo wa kete wa Kichina. Wahakiki wengi wa Marekani waliilaumu kwa kwenda polepole na kuwa baridi. Polepole, sawa. Baridi, hapana, na tutalifikia hilo chini.

SWALI: Mhariri, kuna jambo linaniuma. Mwanamume na mwanamke wamecheza filamu moja, kitanda kimoja, mbona aliyefungiwa kazi huko China ni mwanamke peke yake?

JIBU: Kwanza utaratibu. China bara haina madaraja ya umri. Filamu ikipita ukaguzi imepita kwa kila mtu, mtoto na mzee, na isiyofaa kwa mtoto haipiti kabisa. Ndiyo maana Ang Lee mwenyewe aliandaa toleo fupi, likaonyeshwa kuanzia Novemba 2007. Hong Kong ilikuwa na madaraja yake, filamu kamili ikapewa daraja la III, la waliofikisha miaka 18. Watazamaji wa bara walivuka mpaka kwenda kuitazama huko. Waliobaki waliipakua mtandaoni, mpaka kampuni za kinga za kompyuta zikatoa tahadhari kwamba viungo vingi vya kupakulia vimejaa virusi.

Pigo lilikuja baadaye, Machi 2008, filamu ikiwa imeshamaliza maonyesho yake. Vituo vya televisheni viliondoa matangazo ya vipodozi aliyoonekana Tang Wei, na kazi zake bara zikakatika. Tony Leung hakuguswa. Julai ya mwaka huohuo alikuwa kwenye majumba ya sinema ya China katika Red Cliff, akiwa steringi. Ang Lee pia hakuguswa.

Maelezo hutolewa ya aina mbili. La kwanza ni la mhusika: mwanamke mzalendo anampa msaliti mwili na hatimaye moyo, na wakubwa hawakutaka sura hiyo iendelee kuuza sabuni sebuleni mwa watu. La pili ni la nani mkono wa wakubwa ungeweza kumfikia. Leung ni nyota wa Hong Kong wa miaka mingi, Lee ni mtu wa Taiwan anayefanyia kazi Marekani, na Tang Wei alikuwa msichana wa bara katika filamu yake ya kwanza. Sisi tunaona la pili linaeleza zaidi, kwa kuwa mhusika angekuwa ndiye tatizo, mwandishi wa mhusika angeulizwa kwanza.

Tang Wei alipata ukazi wa Hong Kong mwaka huohuo wa 2008, akarudi kwenye skrini mwaka 2010 na Crossing Hennessy, akafanya kazi Korea Kusini, na mwaka 2022 akaongoza Decision to Leave. Hiyo ya mwisho ni ya kutafuta.

SWALI: Ni kisa cha kweli?

JIBU: Filamu imetoka kwenye hadithi ya Eileen Chang, mwandishi mzaliwa wa Shanghai, iliyochapishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 baada ya kuikarabati kwa miaka mingi. Hadithi ni fupi, unaimaliza kwa kikao kimoja. Kisa kinachofanana nayo kipo, na kinajulikana vizuri.

Zheng Pingru alikuwa binti wa mwanasheria wa Kichina na mama wa Kijapani. Mwaka 1937 picha yake ilikuwa kwenye jalada la Liangyou, jarida la picha lililosomwa sana Shanghai. Kijapani alikijua nyumbani, na idara ya ujasusi ya Kuomintang, chama kilichotawala China na kupigana na Wajapani, ikamtumia kumkaribia Ding Mocun, mmoja wa wakuu wa ofisi ya siri ya vibaraka wa Japani iliyokuwa Jessfield Road namba 76, nyumba ambayo wakazi wa Shanghai waliiogopa kwa mateso yaliyofanyika ndani yake. Desemba 1939, wakiwa garini pamoja, Zheng aliomba wasimame kwenye duka la manyoya la Siberia ili anunuliwe koti. Wapiga risasi walikuwa wanangoja nje. Ding, akiwa ndani, aliwaona wanaume wawili ambao mkao wao haukumpendeza. Hakungoja koti. Alitoka mbio, akakatiza barabara, akajitosa garini, na risasi zikagonga ubavu wa gari lililokuwa halipenyi risasi. Zheng alikamatwa na kuuawa Februari 1940. Ding aliuawa na serikali ya China mwaka 1947, baada ya vita.

Angalia kilichobadilika. Koti limekuwa pete. Jasusi wa idara amekuwa mwanafunzi wa kikundi cha maigizo. Na kubwa kuliko yote, hakuna ushahidi kwamba Zheng alimwonya Ding. Ding alijiokoa kwa macho yake mwenyewe. Hapo ndipo ndugu wa Zheng walipokasirika na kulalamika hadharani filamu ilipotoka, na wana haki yao, kwa sababu watazamaji wengi walishaanza kumsoma marehemu kupitia Wong. Chang aliandika hadithi ya kubuni na majina ya kubuni. Hata hivyo mumewe wa kwanza, Hu Lancheng, aliwahi kushika cheo katika serikali ya Wang Jingwei, serikali hiyohiyo ya vibaraka, kwa hiyo wasomaji wa Kichina tangu mwanzo wamemshuku kwamba anamtetea mtu wa nyumbani. Lawama zilizoipata filamu mwaka 2007 zilikuwa zimeshaipata hadithi karibu miaka 30 kabla.

SWALI: Sijui mahjong hata kidogo. Ninapoteza nini?

JIBU: Kidogo, ukijua mambo matatu. Wachezaji ni wanne, kila mmoja ana kete 13. Kila zamu unaokota moja na kutupa moja, na anayeshinda ni yule anayekamilisha kete 14, kwa kawaida seti nne na jozi moja. Kete iliyotupwa na mwenzako unaweza kuichukua ikikamilisha tatu za kufanana, popote ulipokaa. Lakini ikiwa ni ya kukamilisha mfuatano, ni wewe tu unayefuata kwa zamu ndiye unaweza kuichukua. Hivyo anayekaa kabla yako anaweza kukunyima au kukulisha kwa makusudi.

Sasa mtazame Yee kwenye mchezo wa Hong Kong, anapomtupia Wong kete anayoihitaji. Hakuna neno la mapenzi lililosemwa mezani, mke wake yupo palepale, na uchumba umeshaanza.

Katika mchezo wa kwanza kabisa, Shanghai 1942, acha kete na uangalie vidole. Wanawake wanazungumzia bei, vyeo vya waume na nani kapewa nini, huku almasi zikimeta chini ya taa kila mkono unaponyooka. Wong hana almasi. Katika hadithi ya Chang amevaa jiwe la kijani na linamtia haya mbele ya wenzake. Pete ya duka la vito imepandwa mezani pale, kabla hujamjua hata mmoja wao kwa jina.

SWALI: Mimi ni msomaji wa miaka mingi wa hadithi za kijasusi. Wale vijana ni wababaishaji! Hawana mpango, hawana nidhamu. Ni udhaifu wa mwandishi au nimekosa kitu?

JIBU: Ubabaishaji ni wao, na ndicho kisa chenyewe. Ila wana jambo moja walilolipatia. Mlengwa hafikiwi moja kwa moja, anafikiwa kupitia mkewe, kwa kumtembeza madukani na kwa fundi nguo na kwenye mahjong. Afisa wa usalama humchunguza anayemfuata yeye. Anayemfuata mkewe humpa nafasi.

Mengine yote yana nyufa. Ukijifanya mke wa mfanyabiashara lazima uwe na mume, nyumba, gari, dereva na nguo za kubadilisha kila siku, na gharama zote zilitegemea mfuko wa nyumbani kwa mmoja wao aliyetoka familia yenye uwezo. Operesheni ya namna hiyo ina saa inayohesabu hata kama adui hajashtuka. Kisha wanagundua kwamba mwanamke aliyeolewa hawezi kuwa hajui mambo ya ndoa, na "mazoezi" wanayompangia Wong na mwenzao mmoja ndiyo gharama ya kwanza isiyorudishika. Wanamaliza tu kulipa gharama hiyo, Yee anahamishiwa Shanghai. Mlengwa amehama, hawana njia ya kumfuata, na kila walichojenga kinaangukia hewani. Anakuja Tsao, mtu anayewajua toka kwao na anayefanya kazi upande wa Yee, kudai fedha. Hakuna aliyekuwa amejiuliza ni nani mjini anatujua kwa majina yetu halisi.

Shanghai wanapata msimamizi wa kweli, Mzee Wu wa Kuomintang. Utadhani mambo yatanyooka. Wu anachelewesha pigo kwa sababu Wong akiwa hai karibu na Yee analeta habari zenye thamani. Hesabu hiyo ni ya kawaida kwa idara za ujasusi, na kila wiki ya ziada inampa adui nafasi ya kuuliza Bibi Mak, jina la bandia la Wong, ni nani. Na aliuliza. Mwishoni msaidizi wa Yee anafichua kwamba walishakifahamu kikundi. Bosi wake hakuwa ameambiwa, jambo linalokuonyesha namna idara ile ilivyokuwa ikichungana yenyewe kwa yenyewe.

Duka la vito ni mahali pabaya pa kuulia mtu, ingawa panaonekana pazuri. Chumba cha kuonyeshea kipo juu, ngazi moja, wapiga risasi wapo mtaani, na aliye karibu na mlengwa ni mtu mmoja tu ambaye kila kitu kinamtegemea. Hakuna ishara ya pili, hakuna mtu wa pili ndani. Anaponong'ona maneno mawili, Yee anashuka mbio na kujirusha ndani ya gari, kama Ding wa kweli alivyofanya, na wauaji wamebaki na bastola mikononi.

Halafu kosa linalowaua. Wanachama sita wanajuana wote, majina na sura. Mtandao unaopangwa vizuri humfanya kila mmoja amjue aliye juu yake na pengine aliye chini, basi, ili akikamatwa asiwe na cha kutaja. Hawa ni marafiki wa jukwaani. Mmoja akipatikana wamepatikana sita, na usiku huohuo saa 4 wapo kwenye machimbo ya mawe. Wong alikuwa na kidonge cha sumu kilichoshonwa kwenye nguo. Anakichomoa, anakitazama, hakimezi.

SWALI: Tumebishana nyumbani na mume wangu mpaka chai ikapoa. Yeye anasema huyo dada alihongwa pete. Mimi nasema alipenda. Tuamulieni.

JIBU: Dada, hatutaki kuvunja nyumba ya watu, lakini wote wawili mmekaribia tu.

Hoja ya mumeo ina tatizo moja: anayehongwa hubaki na hongo. Pete ile, almasi ya waridi ya karati 6, Wong hakuwa na mpango wa kutoka nayo hai, na mwisho inarudishwa mezani kwa Yee, naye anaikana kwamba si yake. Hoja yako pia ina tatizo. Muda mfupi kabla, Wong anamweleza Mzee Wu kwa uchungu jinsi Yee anavyompenya kama nyoka, na Wu hawezi hata kukaa amsikilize. Yule si mwanamke anayesimulia mapenzi matamu.

Mfuateni tangu mwanzo kwa kuuliza nani amewahi kumpa nini. Baba yake amehamia Uingereza akamwacha. Anamwandikia barua, Wu anaahidi kuituma, kisha anaichoma moto. Kuang Yu Min, kijana aliyempenda tangu chuoni, anambusu akiwa amechelewa miaka mitatu, naye anamwuliza kwa nini hakufanya hivyo wakati ule. Watu wote walio upande wake wamemtumia. Sasa ingieni kwenye mgahawa wa Kijapani. Wong anamwimbia Yee wimbo wa Zhou Xuan kutoka filamu ya mwaka 1937, Street Angel, wimbo wa msichana mwimbaji wa mitaani. Anaimba vizuri, kama mwigizaji anayelijua jukwaa lake, na mtu katili yule anatokwa machozi. Kwa mara ya kwanza tangu ile tamthilia ya chuo, maigizo yake yamemfikia mtazamaji. Ubaya ni kwamba mtazamaji ndiye anayetakiwa kufa.

Dukani anasema hapendi kuvaa kitu cha thamani barabarani. Yee anamjibu: uko pamoja nami. Mwanamume huyu alishasema hapendi kwenda sinema kwa kuwa hapendi giza, huishi nyuma ya walinzi, na hapo amepanda ngazi bila mlinzi. Wong anaiona sura yake, na mchezo unamponyoka. Tukitakiwa kusema kwa neno moja, aliaminiwa. Hakuna aliyewahi kumwamini kabla.

Ndiyo maana wahakiki walioiita filamu hii baridi tunaona waliyatazama matukio ya kitandani tu, ambako kweli kuna ukatili mwingi, na hawakuutazama mgahawa.

SWALI: Ilishinda Venice. Mbona Oscar haikuonekana? Na mnipendekezee nyingine ya mapenzi na ujasusi ambayo naweza kuitazama na wanangu wakubwa bila aibu.

JIBU: Venice, Septemba 2007, ilitwaa Simba wa Dhahabu, mwenyekiti wa majaji akiwa mwongozaji Zhang Yimou wa China, na mpiga picha mkuu Rodrigo Prieto akapata tuzo yake pia. Baadaye mwaka huo ilizoa tuzo za Farasi wa Dhahabu, Taiwan, ikiwemo ya filamu bora na ya mwigizaji bora kwa Leung. Oscar ilikwama kwenye karatasi. Taiwan iliiwasilisha kama filamu yake ya lugha ya kigeni, Akademi ikajibu kwamba Wataiwani walioshika nafasi muhimu katika utengenezaji hawatoshi, na Taiwan ikalazimika kupeleka nyingine. Tuzo za Golden Globe na BAFTA ziliiteua, lakini haikushinda kundi la filamu za lugha ya kigeni.

Kwa wanao, tafuta Notorious ya Alfred Hitchcock, mwaka 1946, Ingrid Bergman na Cary Grant. Mwanamke anatumwa Rio de Janeiro amnase rafiki wa Wanazi, anaishia kuolewa naye, na anayempeleka ndiye anayempenda. Kanuni za Hollywood za wakati ule hazikuvumilia busu la muda mrefu, na Hitchcock alitengeneza la takriban dakika mbili na nusu kwa kulikatakata: wanabusiana, wanaongea habari ya kuku wa chakula cha jioni, wanabusiana, wanapiga simu, hawaachiani. Wakaguzi hawakuwa na pa kukamatia. Mwambie anayependa ufundi asikose kamera inaposhuka toka juu ya ukumbi wa sherehe mpaka kwenye ufunguo uliofumbatwa mkononi mwa Bergman.

Black Book ya Paul Verhoeven, mwaka 2006, ndiyo iliyo karibu zaidi na Lust, Caution kwa kisa: Myahudi wa Uholanzi anaingia kwa mkuu wa usalama wa Kijerumani huko The Hague na kumpenda. Inakwenda mbio, ina visa vya kushtua, na msaliti wake si unayemdhania. Hiyo itazameni wewe na mzazi mwenzio.